Vifaa vya kujifunzia kwa watu wazima wanaoanza kusoma, kuandika na kuhesabu: tuanzie wapi?

Taa ya Jioni (mwanzisha mada)

Wakuu habarini,

Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa kisomo cha watu wazima. Darasa lina watu kama 20, linakutana jioni mara mbili kwa wiki, kila kipindi saa moja na nusu. Uwezo umetofautiana sana. Kuna wasiojua herufi kabisa, kuna wanaosoma silabi kwa silabi mpaka mwisho wa sentensi wamesahau mwanzo wake, na kuna wachache wanaosoma vizuri ila fomu ikiletwa wanaitafutia mtu wa kuwajazia.

Vitabu vilivyopo ni vya watoto. Ukimpa mtu mwenye wajukuu ukurasa wa sungura na mpira, anaufunga kwa heshima na wiki inayofuata haji. Tunataka kutengeneza vyetu. Tuna kompyuta moja, printa ya rangi nyeusi tu, fotokopi ya kuazima, manila na kalamu za wino mzito.

Nauliza: maudhui yachaguliwe vipi, ukurasa upangweje, na darasa la ngazi tatu lihudumiwe vipi bila mwalimu kuandaa masomo matatu tofauti kila siku?

---

Silabi Kwanza

Mwalimu, usianze na herufi wala picha. Anza na shughuli. Waulize wanakisomo wenyewe ni wapi maandishi yanawakwamisha: pakiti ya dawa, ujumbe wa simu, risiti, ratiba ya basi, fomu, barua ya shule ya mtoto. Kila shughuli iwe kifurushi kimoja cha vipindi vitatu au vinne. "Kujua kusoma" ni lengo kubwa mno kumpa mtu. "Kusoma maelekezo ya dawa bila kumwita mtoto akusomee" linashikika, na wewe na yeye mtajua siku limetimia.

Kwa wasiojua herufi, njia ya neno kuu inaifaa sana lugha yetu. Paulo Freire, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, aliitumia kwao Brazili, na mwaka 1963 mradi wake katika mji wa Angicos ulifundisha watu wazima wapatao 300 kwa takriban saa 40. Kireno kinakatika kwa silabi, na Kiswahili kinakatika vizuri zaidi: silabi nyingi ni konsonanti na irabu, na irabu zetu tano hazibadilishi sauti.

Chukua *dawa*. Kadi ya kwanza ina picha ya mkono wa mtu aliyeshika pakiti ya vidonge, mtu mwenyewe akionekana, na neno *dawa* chini yake. Zungumzeni kwanza dakika kumi: nani anasoma pakiti nyumbani, nini hutokea ikisomwa vibaya. Kisha likate neno: *da – wa*. Kisha weka familia mbili:

da de di do du
wa we wi wo wu

(*Wo* na *wu* hazina kazi kubwa kwenye Kiswahili, zionyeshe na upite.) Ongeza kadi za irabu tupu a, e, i, o, u. Kwa kadi hizo tu wanapata *dada, wewe, wao, wadudu, doa, dua, dai, adui, idadi, ua*, na sentensi kamili: *Dada aua wadudu.* Mtu aliyeingia hajui herufi anatoka amesoma sentensi siku hiyohiyo.

Kadi wazipange wao, mezani, wawili wawili. Watatoa pia vitu kama *wado*. Usikimbilie kusahihisha, waulize, "Neno hilo lipo?" Anayeweza kulikataa neno amelisoma.

Kosa linaloua njia hii ni kuimbisha. Darasa likiimba "da de di do du" kwa mpangilio huo kila siku, wanakariri wimbo, hawasomi kadi. Dawa yake ni kuchanganya: onyesha *du*, kisha *wa*, kisha *di*. Ukiona mtu anaanza kimoyomoyo toka "da" mpaka afike unapoonyesha, bado hajazijua.

Mpangilio wa konsonanti nao una mitego. Usiweke *b* karibu na *d*. Zitenganishe kwa wiki tatu hivi, ya kwanza iwe imekaa kichwani. Vivyo hivyo *m* na *n*, *l* na *r*. Silabi za *mb, nd, nj, nz* zije baada ya konsonanti nyepesi kumi hivi. *M* inayosimama peke yake, kama *mtu* au *mlango*, ifundishwe kivyake, kwa sababu mwanafunzi aliyezoea konsonanti na irabu atasoma "mutu". *Ng* na *ng'* ziwekwe kwa jozi, *ngoma* na *ng'ombe*, ili ile alama ionekane ina kazi.

Kuhusu ngazi tatu: mada iwe moja, picha moja, mazungumzo ya mwanzo pamoja. Baada ya hapo kundi la kwanza linabaki na kadi za silabi, la pili linapata sentensi sita za maneno manne hadi saba, la tatu linapata aya ya maneno 80 hadi 100 pamoja na pakiti halisi au fomu halisi. Dakika kumi za mwisho mnarudi pamoja: wa tatu wanasoma, wa kwanza wanayatafuta maneno yao ndani ya aya hiyo. Andika aya kwanza, halafu ichuje iwe sentensi, halafu chagua neno kuu humo humo. Ukianzia kwa wa kwanza kwenda juu, utahangaika.

---

Karatasi na Wino

Nazungumzia ukurasa tu, maana vifaa vingi vizuri vinauawa na fotokopi.

Kabla ya yote: wengi waliovuka miaka 40 hawaoni vizuri karibu. Mtu akisogeza karatasi mbali au akisema "leo mwanga mbaya", hiyo mara nyingi ni miwani, siyo kutojua. Kwa hiyo saizi 14 iwe ndiyo ndogo kabisa, na kwa wanaoanza nenda 18 hadi 24. Nafasi kati ya mistari iwe 1.5. Darasa la jioni linahitaji hilo maradufu.

Fonti iwe isiyo na vimkia. Angalia herufi *a*: kwenye Arial na Verdana ina kichwa juu, tofauti kabisa na *a* anayofundishwa kuandika kwa mkono. Andika, fonti ya bure ya shirika la lugha liitwalo SIL, ilitengenezwa kwa wanaoanza kusoma. *A* na *g* zake zinafanana na za mkono, na herufi zinazochanganya watu, kama I kubwa na l ndogo, zimetofautishwa.

Panga maandishi kushoto, ukingo wa kulia uachwe wa mawimbi. Ukinyoosha pande zote mbili, kompyuta inatawanya maneno ili kujaza mstari, na kwa maneno marefu ya Kiswahili mapengo yanakuwa makubwa kiasi kwamba msomaji wa silabi hajui neno limeishia wapi. Zima pia ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Mstari uvunje mwenyewe pale maana inapopumua:

Peleka kadi hii
kliniki
siku ya Jumatatu.

Siyo "Peleka kadi hii kliniki siku / ya Jumatatu".

Usiandike sentensi nzima kwa herufi kubwa, usiinamishe, usipige mstari chini (mstari unakata mikia ya *g, j, p, y*). Ukitaka mkazo, nenesha neno moja.

Fotokopi: kivuli cha kijivu hugeuka madoa meusi, na picha ya rangi hugeuka tope. Tumia michoro ya mistari minene. Weka nakala mama ndani ya bahasha, iandikwe "MAMA", na kila mara nakili kutoka hiyo. Nakala ya nakala ya nakala hupoteza nukta za *i* na *j*, na kwa anayeanza, *i* bila nukta ni herufi asiyoijua.

Kadi: A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa inatoa kadi nane za milimita 74 kwa 105. Manila inafaa, au karatasi ya gramu 160 na kuendelea. Nyembamba zaidi ya hapo maandishi yanaonekana kwa nyuma na watu wanakisia. Kata pembe ya juu kulia ya kila kadi, ili mtu ajue imesimama wima au imegeuzwa. Bila hivyo *n* na *u*, *b* na *q* zitawagombanisha. Kadi za ukutani: kadiria sentimita moja ya urefu wa herufi kwa kila mita ya umbali. Aliyekaa mita sita anahitaji herufi ya sentimita sita.

Kijitabu cha A4 iliyokunjwa kina kurasa kwa mafungu ya nne: 4, 8, 12. Ukiandika kurasa 10, mbili zitabaki tupu, kwa hiyo panga tangu mwanzo. Kurasa 8 zinatosha. Mtu anakimaliza, na kumaliza kitabu kizima ni jambo zito kwa ambaye hajawahi.

Mistari ya kuandikia: milimita 12 kwa wanaoanza, 10 baadaye, 8 ndiyo ya daftari la kawaida.

---

Jicho la Pili

Nakubaliana na yote hapo juu ila naongeza tahadhari kuhusu picha. Watu hudhani picha inaeleweka na kila mtu. Haieleweki. Mshale, alama ya X, kiputo cha mawazo, mwili uliokatwa kuonyesha ndani, mkono usio na mtu: vyote hivi ni maandishi, vinafundishwa. Mpangilio wa picha nne za hatua pia husomwa kwa njia tofauti na mtu ambaye hajazoea kwenda kushoto kulia, juu chini. Ziandike namba 1, 2, 3, 4 kwa ukubwa, na mstari mzito kuzitenganisha.

Jaribu kila mchoro kwa swali moja: "Unaona nini hapa?" Usiulize "Unamwona mama anayenawa mikono?" maana atasema ndiyo kwa adabu. Akisema "mtu amebeba kitu", chora upya. Ondoa mandhari ya nyuma. Na watu kwenye picha wawe watu wazima wanaofanya mambo ya watu wazima.

---

Taa ya Jioni

Asanteni sana wakuu. Nimeandika rasimu ya kundi la pili juu ya dawa. Naomba mnikosoe bila huruma:

*"Mgonjwa anatakiwa kuhakikisha kwamba anakamilisha matumizi ya dawa alizoandikiwa na mtaalamu wa afya hata kama atajisikia nafuu kabla ya kumaliza siku zilizoelekezwa."*

Na swali jingine: fomu nazifundishaje?

---

Kalamu Nyekundu

Sentensi hiyo ina maneno 22 na mambo matatu ndani yake. Msomaji wa silabi atafika *zilizoelekezwa* akiwa amemsahau mgonjwa. Na huyo mgonjwa ni nani? Ni msomaji. Basi sema naye.

Maneno ya kiofisi yana kitenzi kilichojificha: *anakamilisha matumizi ya* ni *maliza* au *meza*. *Kuhakikisha kwamba* ondoa, haibebi kitu. *Alizoandikiwa* na *zilizoelekezwa* zina silabi saba kila moja, na katikati yake kuna kiambishi cha urejeshi, *zo*, ambacho anayeanza hakioni. Ningeandika:

Meza dawa kila siku.
Meza mpaka ziishe.
Ukipata nafuu, usiache.
Ukipata shida, rudi kwa daktari.

Maneno 15, kila sentensi mstari wake, jambo moja kwa sentensi. Neno *meza* limerudiwa makusudi. Waandishi huogopa kurudia, anayeanza kusoma anashukuru. *Daktari* lina *kt*, silabi isiyo ya kawaida, kwa hiyo lipewe kadi yake na lijulikane kama neno zima kabla ya kusoma. Na kwa vile ni afya, mpe mhudumu wa afya asome rasimu kabla hujachapa.

Vipimo vya ugumu wa maandishi vilivyotengenezwa kwa Kiingereza usivitumie. Vinahesabu urefu wa maneno na silabi, na kwa Kiswahili vitakuambia kila kitu ni kigumu, hata *ninakupenda*. Pima kwa vitenzi badala yake. Kundi la pili wapewe nafsi, wakati na shina: *anasoma, tulikula, nitakuja*. Kundi la tatu ongeza kiambishi kimoja au viwili: *anamsomea, hawakuja*. *Alichomsomea* ingoje.

Kipimo kinachofanya kazi kwa lugha yoyote ni kile cha mapengo, ambacho mtafiti Wilson Taylor alikieleza mwaka 1953. Chukua aya ya maneno kama 100, acha sentensi ya kwanza nzima, kisha futa kila neno la tano na uache mistari yenye urefu sawa. Anayejaza zaidi ya nusu sawasawa anaweza kuitumia aya hiyo darasani. Anayekwama kwenye theluthi mbili za mapengo, aya imemzidi, ifupishe. Kwa Kiswahili kuna kasoro moja: pengo likiangukia *ya, wa, za* unapima upatanisho wa ngeli, jambo analojua tangu utotoni, na alama zinapanda bila sababu. Likitokea hivyo, sogeza pengo neno moja mbele. Kipimo hiki ni cha kundi la tatu tu; wa chini yake hawana kasi ya kuandika.

Fomu: shida yake ni lugha, kabla hata ya kuandika. *Jina la ukoo. Mkazi wa. Futa isiyohusika. Sahihi. Kwa matumizi ya ofisi tu.* Tengeneza kadi ya kila tamko kwa upande mmoja na maana ya kawaida upande wa pili: "Futa isiyohusika" – "piga mstari kwenye jibu lisilo lako". Waonyeshe kwamba *kwa matumizi ya ofisi tu* maana yake ni usiguse.

Halafu fomu iende kwa ngazi. Ya kwanza ina nafasi nne tu: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, sahihi, visanduku vya milimita 12. Ya pili ni fomu halisi iliyokuzwa kutoka A4 kwenda A3, yaani asilimia 141 kwenye fotokopi. Ya tatu ni fomu halisi kwa saizi yake. Kinachoharibika zaidi ni visanduku vya tarehe: mtu anaandika 5 Machi kama 5/3 na visanduku vinabaki. Fundisha sifuri ya mbele, 05 03, kama kitu cha peke yake. Taarifa zao halisi zisibaki darasani. Wapeleke karatasi nyumbani kama mfano wa kunakilia.

---

Hesabu Hai

Nimeona hesabu imesahaulika. Mtu mzima anayefanya biashara anahesabu kichwani kuliko mwalimu. Usimrudishe kwenye moja jumlisha moja. Kinachomkosesha ni kuandika hesabu aliyokwisha kuifanya.

Kosa utakaloliona siku ya kwanza: mwambie aandike mia tatu na tano, ataandika 3005. Ameandika alichosikia, mia tatu (300) na tano (5). Elfu mbili mia tatu inakuwa 2000300. Kumwambia "umekosea" hakusaidii, kwa sababu mantiki yake ni nzuri. Tengeneza kadi za kulaliana. Mamia: kadi ya sentimita 9 kwa 4, imeandikwa 300. Makumi: 6 kwa 4. Mamoja: 3 kwa 4. Kila tarakimu ikae katikati ya sentimita zake tatu. Laza 5 juu ya 300 ukilinganisha ukingo wa kulia, na sifuri ya mwisho inafunikwa: 305. Inua, sifuri iko palepale. Ongeza 40 katikati, inakuwa 345. Seti moja ni kadi 27 (tisa za kila aina), na watu wawili wanatosha seti moja. Upana usipokuwa sawasawa tarakimu hazikai juu ya sifuri na somo linaharibika, kwa hiyo tumia rula, usikate kwa macho.

Kwa kuwa mada yenu ni dawa: "1×3" kwenye bahasha ni hatari. Aliyejifunza kuzidisha wiki iliyopita atasema ni tatu, ameze tatu kwa mpigo. Fundisha kwa jedwali la safu tatu, asubuhi, mchana, usiku, na kidonge kimoja kilichochorwa kila safu. Kisha 2×2, kisha 1×2. Baadaye waonyeshe saa 24 gawanya kwa 3 ni kila baada ya saa 8.

Na hapo ndipo saa inapoingia. Simu inaandika 08:00, mtu anasema saa mbili. Tengeneza uso wa saa wa manila wenye duara mbili za namba: ya nje 1 hadi 12 kama zilivyo kwenye saa ya ukutani, ya ndani saa tunazotamka. Jibu daima ni namba inayotazamana nayo: 8 inatazamana na 2, 3 inatazamana na 9. Kwa saa za tarakimu za mchana toa 6: 14:30 ni saa nane na nusu. Kuanzia 19:00 toa 18: 22:00 ni saa nne usiku. Kabla ya saa 07:00 ongeza 6: 03:00 ni saa tisa usiku. Hii ifundishwe pamoja na ratiba au kadi ya miadi, isielee hewani.

---

Taa ya Jioni

Mwalimu wa hesabu, hiyo ya 3005 ipo darasani hivi sasa. Asante mno. Tumeona pia wengi wana simu, hata za kawaida zinarekodi sauti. Zinaweza kusaidia kati ya vipindi?

---

Jicho la Pili

Zinasaidia sana. Rekodi aya ileile ya karatasi, mara ya kwanza polepole kwa kutua mwisho wa kila mstari, mara ya pili kwa kasi ya kawaida. Isizidi dakika mbili. Taja ukurasa mwanzoni: "Somo la dawa, ukurasa wa tatu." Mwanafunzi anafuata kwa kidole. Yule asiyeona vizuri naye anabaki na somo. Usitume picha ya ukurasa ukidhani programu ya kusoma kwa sauti itamsomea. Baadhi zinahitaji maandishi yenyewe, kwenye picha hazioni kitu.

---

Silabi Kwanza

La mwisho kutoka kwangu: usichape nakala 20 kwanza. Chapa tano. Kaa na wanakisomo watatu, mmoja wa kila ngazi, kila mmoja peke yake ili asione aibu. Mwambie kwamba unajaribu karatasi, humjaribu yeye. Kaa kimya. Kwenye nakala yako weka nukta kila anaporudi nyuma na mstari kila anapokwama. Mahali ambapo wawili kati ya watatu wamekwama panaandikwa upya. Kisha mpe kitu halisi, pakiti ya dawa ambayo hajawahi kuiona, uone kama anaweza kukuambia ameze vingapi na lini. Akishindwa hapo ilhali amesoma kijitabu chote bila kosa, amekariri kijitabu. Ongeza pakiti nyingine mbili tofauti kwenye kifurushi kabla ya kuhamia mada mpya.